Tano Tano Tano

Kwetu Lampang, tano hutamkwa ha.
Ukiiandika mara tatu umecheka,
ukiipanga mara kumi umeanguka kitini.
Ndivyo tuandikavyo, hata kwa mkuu wa posta.

Yunzhen yuko Kunming. Hununua mabakuli yangu,
yale ya jogoo mwekundu, katoni sita kila robo mwaka.
Hatujaonana. Sijui Kichina, hajui Kithai;
simu ndiyo mkalimani wetu:
maneno huyatafuna yote,
tarakimu huzitema nzima, kama kokwa.

Jumanne, alfajiri, udongo hadi viwikoni,
ujumbe ukaingia:
Mama ameondoka 555

Nikamkumbuka huyo mama, mlalamikia chumvi,
aliyekwenda kwa bintiye wiki moja akakaa miezi minne,
mgeni wa kupewa jembe akalikataa.
Ameondoka! Nikafuta kidole kwenye aproni,
nikamjibu kwa tano ishirini na mbili
na kipaka kinachokata kiuno.

Kimya. Kisha:
Asante. Hakuna mwingine aliyelia nami hivi.

Nikasema, simu hii nayo, imeanza kuzeeka.
Nikatuma kipaka cha pili.

Oda iliyofuata: mabakuli arobaini, meupe,
bila jogoo.
Nikamuuliza mpwa wangu Thanwa, anayesoma Kichina chuoni,
meupe ya nini?
Akashika simu, akapandisha, akapandisha,
akaacha kutafuna.
Shangazi, kwao tano ni wu.
Wu, wu, wu. Sikiliza mwenyewe.

Nikasikia.

Usiku nilizihesabu zile ishirini na mbili
moja moja, kama vigae.
Kila moja iliondoka kwangu kicheko
ikafika kwake chozi,
na chozi hilo lilimfaa.
Nilianza kuandika ukweli, nikafuta. Nikaanza tena.
Ningesema nini? Nirudishie, hayakuwa machozi?

Nimefinyanga arobaini na moja.
Ndani ya lile la ziada nimeweka karatasi.
Thanwa alinielekeza kila mkwaju wa kalamu, nikaukosea,
nikaurudia, hadi taa ikaingia wadudu:
Habari za mama yako zimenifika. Nimechelewa kuzisikia.
Pole sana, Yunzhen.

Hakuna kipaka.
Na tarehe, maana ilikuwa tarehe tano,
nimeiandika kwa neno.