Imetua, Hakutua

Saa moja kasorobo, futi mia mbili juu ya Port Reitz,
magurudumu chini, zamu yangu kurusha.
Mvua ya usiku imeacha madimbwi kwenye nyasi,
madimbwi yameita kumbikumbi,
kumbikumbi wameita kila mwenye mdomo.

Mnara ulikuwa umetuonya: ndege kadhaa, upande wa Miritini.
Nikajibu tumesikia. Kila siku tunasikia.
Kunguru wa Mombasa hawatangazwi,
wanahesabiwa pamoja na joto na upepo.

Huyu hakuwa kunguru.
Alikuwa mwewe, peke yake, macho chini, na shughuli zake.
Niliona manjano ya mdomo.

Kishindo si kikubwa. Ni kofi
juu ya kifuniko cha sufuria.
Halafu harufu, ikipitia matundu ya hewa:
manyoya, kisha nyama,
uani kwetu siku ya harusi, kuku wakibabuliwa.

Mkono wangu ukaanza safari kwenda mbele,
kwenye nguvu, kwenye kupaa tena, kwenye kukimbia.
Kapteni Mwadime hakuukamata.
Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:
"Tunatua."

Kwa maana injini iliyomeza mfupa
haijasema itakufanyia nini ukiidai nguvu zote,
na lami hii hapa, kilomita tatu na ushei, kavu katikati.
Aliyejikwaa mlangoni kwake
harudi sokoni kutafuta pa kukaa.

"Mtetemo, injini ya pili. Joto linapanda.
Usiiguse. Wewe rusha, mimi nasoma."
Hatukuzima kitu.
Mkono wa haraka huzima iliyo nzima
ukabaki na mbovu.

Gurudumu la kushoto. La kulia. Pua.
Nguvu ya kinyume kidogo tu,
isije ikatafuna kilichosalia.
Breki. Breki. Breki.
Nyuma yetu abiria mia moja na wanne wakapiga makofi,
na mtoto mmoja akauliza nani anachoma kuku.

Fundi Toya kapanda ngazi, kurunzi mdomoni.
Mapanga matatu yamepinda,
la nne limekunjika ncha
kama ukurasa uliowekewa alama.
Anapangusa damu kwa kitambaa chenye maji,
anakitia kwenye bahasha ya kaki: tarehe, saa, injini ipi.
Unyoya mmoja pia. Kuna watu Nairobi
watakaousoma kama barua.
Kule kwenye lami Nyanje kashuka kwenye gari la njano,
anaokota kilichobaki, anakitia mfuko wa karatasi
kwa sababu ile ya nailoni ilipigwa marufuku.

Kapteni kaomba chai.
Kikombe kinagongana na kisahani, hakitaki kunyamaza,
nami najifanya naangalia fomu.

Naandika: ndege imegonga ndege.
Nafuta. Ndege amegonga ndege.
Nafuta tena. Nani alikuwa kwenye njia ya nani?
Bibi yangu wa Jomvu alikuwa na ndege watatu:
anayeruka, inayoruka,
na ile unayokutana nayo asubuhi
kabla hujavuka kizingiti, njema au mbaya.
Hii ya leo sijui niiweke wapi.
Watu mia moja na wanne wameshika mizigo yao,
wanagombana na madereva wa teksi juu ya nauli.

Idadi: mmoja. Ukubwa: wa kati.
Rubani alionywa? Ndiyo.
Rubani alimwona? Ndiyo.
Athari kwa safari: ya saa nne imefutwa.

Hali ya ndege baada ya tukio.
Imetua salama, naandika,
na pembeni, nje ya mstari, herufi ndogo:
hakutua.

Fundi Toya yuko mlangoni.
Anauliza kama nimemaliza na kalamu yake.