Amana ya Matete

Novemba. Barafu nyembamba kama ganda la kitunguu
imeanza kushika ukingo wa bwawa la Ewald.
Si lake. Lilikuwa la kiwanda cha zinki,
ila huku Silesia bwawa huitwa jina la anayelikodolea macho.

Nimevaa buti za mpira hadi mapajani.
Nang'oa matete, nabandika vikaratasi:
jani, shina, mzizi.
Mzizi hutoka na soksi nyekundu ya kutu,
na humo kutuni risasi na kadmiamu
zimetulia, wageni waliozuiwa sebuleni
wasifike chumba cha watoto.
Shina hupata kidogo. Jani, chembe.
Lile shungi la manyoya juu
linapepea tu, halina habari.

Mjomba Ewald amekalia ndoo iliyopinduliwa.
Miaka thelathini na mmoja tanuruni.
Mama alimfulia nguo zake mbali, beseni lake mbali,
na kiwanda kiligawa maziwa, nusu lita kila zamu,
eti maziwa yanasukuma risasi nje.

Haikutoka. Daktari anasema imo mifupani.
Namweleza: mfupa hudhani ni chokaa,
huipokea, huitandikia.
"Kama tete," anasema.
Kama tete, mjomba.

Anakaa kimya. Bata mmoja anavunja barafu kwa kifua.

"Na mkishang'oa?"
Tunakausha. Tunapima. Tunachoma.
"Na majivu?"
Tunayafungia kwenye pipa.
"Na pipa?"

Najifanya natafuta kalamu.

Mficha maradhi, kilio humfichua;
tete linaficha na wala halilii.
Linasimama na mzigo wake hadi lioze,
ndipo huirudisha amana majini,
senti kwa senti, bila hati, bila shahidi.
Ndiyo maana nimekuja kabla ya baridi kali.
Ndiyo maana mgongo unaniuma.

"Na mimi," anasema, "mtaning'oa lini?"
Anacheka mpaka kikohozi kinamkata,
nami nacheka, kisha siwezi tena kucheka,
nashika shina moja kama nashika mkono wa mtu.

Anainuka polepole, goti kwanza, halafu jingine.
Ananisukumia ile ndoo kwa mguu.
"Ina tundu chini," anasema.
"Lakini kwa mizizi itafaa."