Mikoivu Kumi na Tisa

Desemba, Suomussalmi, saa nane na nusu mchana,
jua limekwisha kuzama.
Dirishani kwa Irja Pelkonen
moja imeandikwa mara kumi na tisa:
mikoivu aliyoipanda Tauno kando ya njia ya lori la maziwa,
gome jeupe juu ya theluji nyeupe.
Ungedhani hakuna kitu, kama si yale makovu meusi.

1111111111111111111

Miaka thelathini na minne alipiga mihuri posta.
Sasa anapiga hesabu.
Daftari la miraba, kahawa, penseli iliyochongwa kwa kisu.
Mbili: baki moja.
Tatu: baki moja.
Tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu,
moja, moja, moja, moja,
kama mgeni aliyeaga na bado kaketi.
Kumi na saba ikamshtua: baki tisa.
Kumi na tisa yenyewe ikarudi na moja.

Kisha akajua (kwa nani, hasemi)
kwamba kigawo, kama kipo,
kitakuwa kwenye ngazi ya thelathini na nane-thelathini na nane, na moja juu yake:
191, 229, 419, 457.
Ngazi ina vipandio zaidi ya milioni ishirini.
Irja ana miaka themanini na mmoja.

Jorma, mtoto wa kaka yake, akatoa simu mfukoni.
"Shangazi, ni tasa. Walithibitisha hujazaliwa."
"Najua. Mimi nakwenda kwa miguu."

Tasa: hilo ni neno letu, sisi wa lugha hii,
lile lile tunalomtupia mke asiyezaa.
Irja na Tauno hawakujaliwa mtoto.
Kwao namba hiyo huitwa alkuluku,
namba ya mwanzo.
Nimeyaweka maneno yote mawili mezani pake,
huku na huku ya kikombe,
na sijui lipi lina baki.

Jumanne usiku upepo ukauvunja wa saba kutoka langoni.
Jorma akaja na msumeno.
"Imebaki kumi na minane," akasema,
na kweli, moja kumi na nane ni mlango uliong'oka komeo:
tatu inaingia, inatoka, inaingia tena,
saba, kumi na moja, kumi na tatu,
kumi na tisa, thelathini na saba,
wote waliokuwa nje kwenye baridi
wanakanyaga zulia na viatu vyao.

Irja akavaa buti.
Akafuta theluji juu ya kisiki kwa kiganja kitupu
mpaka duara likaonekana.
"Hii ni sifuri," akamwambia. "Ukiiruka,
utakuwa umewasogeza wengine, nao hawajasogea."

Ndani, akachonga penseli.

1111110111111111111

Jumla ya tarakimu, kumi na nane.
Tisa inaingia. Aliishusha hatua kwa hatua,
kahawa ikapoa, ikaganda utando:

123456679012345679

Baki, hakuna.
Akautazama ule mstari kitambo,
akafungua ukurasa mwingine,
akaanza na saba.