Beseni la Unga

Muhannad kapiga simu kutoka benki:
"Riali themanini na tano tu, Mama. Oili, filta, plagi,
mkanda wa taimingi, na kuosha wanakuoshea."
Hilo "tu" lake nimelisikia.
Miye na baba yake tumejenga nyumba kwa kutolijua neno hilo.

Sleyum hakujibu. Tangu apasuliwe mgongo
hainami hata kufunga kiatu,
lakini kachukua kiti cha plastiki, kakiweka mbele ya Prado,
kakaa kama kadhi.
"Raya," kasema, "vaa kanzu yangu ile kuukuu."

Mabela, mwezi wa saba, baada ya Isha.
Saruji bado inatema jua ililomeza mchana.
Nikatandika boksi la friji, nikajilaza,
mwanamke wa miaka hamsini na tisa,
nikaingia uvunguni.

Sijapata kuliona gari letu kwa huku.
Vumbi la Fahudi limegandamana kama ukoko wa wali,
na lile kovu la jiwe la Jabali Akhdhar,
siku tuliyopanda tukigombana, tukashuka tunacheka.

"Spana ya kumi na nne. Kushoto."
"Kushoto kwako au kwangu?"
"Kushoto kwa nati!"
Miaka thelathini na nne ya ndoa
na bado hatujakubaliana kushoto ni wapi.

Spana ikateleza, ngozi ya kidole ikabaki kwenye chuma.
Nikatamka neno la Wete
ambalo marehemu mama asingenisamehe.
Jirani Wadha akachungulia juu ya ukuta,
akajifanya anaanika nguo.

Kisha nati ikaachia. Oili ikashuka,
nyeusi, ya moto, utepe mmoja mrefu,
nusu beseni, nusu mkononi mpaka kwapani.
Mkono mtupu haulambwi, wamesema.
Wangu ulijaa, na paka wa mtaa kaunusa
akenda zake.

"Filta, uipake oili kwanza kwenye mpira wake,
kwa kidole, taratibu, kama unampaka mtoto utosini.
Mimi nilikuwa nafanya hivyo."
*Nilikuwa.*
Neno likadondoka karibu na goti langu kama nati.
Sikuliokota.

Hesabu ya Sleyum, daftarini:
oili riali tisa, filta mbili na nusu. Basi.
Miaka yote hii akinambia kiasi alichookoa
hakuandika sabuni, wala Ijumaa,
wala kanzu, wala dawa ya kuchua nyonga,
wala beseni langu la kukandia unga,
ambalo kuanzia usiku huu halikandi tena.

"Mkanda tutaufungua wiki ijayo," kasema.
Nikatoka uvunguni, nikasimama kwa vipande,
goti moja, kisha jingine.
"Mkanda, la."
Kaitazama mikono yake, ya kulia, ya kushoto.
Hakubisha. Ningependa angebisha.

Asubuhi nikaendesha mwenyewe mpaka gereji,
nyuma ya maduka ya alumini,
oili chafu nimeitia kwenye chupa za laban.
Shafikul kazitazama kucha zangu,
kisha chupa, kisha kucha tena.
"Baba wapi?"
"Amekaa," nikamwambia. Ndiyo jibu nililokuwa nalo.

Saa tano chini ya bati, feni inasukuma moto
kutoka pembe hii kwenda ile.
Mara mbili nilimwona akikipuliza kidole.
Mkanda wa zamani kaniletea mkononi:
nyufa tupu, meno mawili hayapo.
"Kilomita kidogo tu bado," kasema,
na "tu" lake yeye lilikuwa na uzito mwingine.

Riali thelathini na tano, kazi peke yake.
Nililipa. Sikuomba apunguze,
miye ninayeomba punguzo hata la bizari.
Kifundo changu kilikuwa bado kinawasha.

Usiku, Sleyum kalala, nikafungua daftari,
chini ya mwandiko wake uliosimama wima
nikaandika kwa wangu, unaoegemea:

Laki sita na elfu kumi na mbili.
Oili: Raya.
Mkanda: Shafikul, thelathini na tano.
Beseni jipya: riali moja na nusu.