Midomo ya Kasha

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Tampere, Januari.
Natoa kasha la risasi kwenye jokofu la maabara,
nyuzi arobaini chini ya sifuri,
glovu mbili kila mkono, na bado baridi inatafuna kucha.
Nalijaza risasi thelathini za majaribio, zisizo na baruti,
nalinyanyua hadi mstari wa chaki ukutani,
naliachia.

La feleji halivunjiki. Hubonyea,
na jicho halioni kitu:
midomo imeachana unene wa unywele tu,
lakini bunduki, kama mtoto mwenye homa,
hutema kila inacholishwa.
La alumini ni jepesi, bega hulishukuru,
ila likipinda mara moja limejifunza kupinda.
La plastiki ama hurudi lilivyokuwa
ama hupasuka, pa! likakwambia ukweli.
Nalipenda kwa hilo.
Kibovu na kijulikane ni kibovu.

Bwana Salmenkivi, mkuu wangu, anataka gramu:
“Gramu mia hapa, Vuokko, mara makasha saba,
ni mkate mzima mgongoni mwa mtu.”
Mhasibu anataka senti.
Jeshi linataka miaka ishirini ghalani bila kutu.
Hakuna anayeniuliza habari za bibi.

Bibi yangu aliitwa Rauha.
Kwa lugha yetu, jina hilo ni Amani,
na Amani alifuma mikanda ya risasi,
ghorofa ya tatu, juu ya maporomoko yaliyozungusha mitambo,
mifuko mia mbili na hamsini kila mkanda,
ya pamba, kwa sababu kitani kilikwisha.
Mfuko aliupima kwa kidole cha mwisho:
kikiingia kwa shida, pitisha;
kikiingia kwa raha, fumua.

Pamba hunywa maji. Kila mfua nguo analijua hilo.
Theluji iliyeyuka karibu na mtutu wa moto,
ikapenya nyuzi, usiku ikaganda,
mkanda ukawa ubao,
kila mfuko ukang'ang'ania risasi yake
kama bahili na senti ya mwisho.
Kaka yake, Tauno, aliulaza mkanda tumboni, ndani ya koti,
akaulalia kama kuku.
Kisha akaandika kwa penseli:
*Dada, kama huu wenye uzi mwekundu ukingoni ni wako,
legeza kidogo.*

Alilegeza.

Barua ya pili haikuja.
Miaka hamsini na mitatu bibi hakujua
kama alilegeza mno,
kama risasi zilidondoka thelujini moja moja
huku Tauno akizipapasa gizani,
au kama ilikuwa sababu nyingine kabisa,
vita havikosi sababu.

Siku hizi mikanda ni pingili za chuma.
Risasi yenyewe ndiyo pini inayoziunga;
ikishaliwa, pingili zinaachana, zinamwagika,
mkanda unajifumua wenyewe
na hakuna wa kumwandikia barua.

Mkanda mmoja ulibaki. Uko jikoni kwangu,
umepigiliwa misumari juu ya sinki,
mifukoni mna vijiko, penseli, kipimajoto,
mswaki wa zamani wa kusugulia viatu.
Uzi mwekundu umekuwa waridi.
Jana, nikingoja kahawa, nilitia kidole cha mwisho
katika mfuko mtupu.
Kiliingia kwa shida.
Basi huu ni wa kabla ya barua.

Mwanangu anaingia jeshini Julai.
Ameshanunua soksi.

Ripoti ina kisanduku kiitwacho Mapendekezo,
upana wa vidole vitatu.
Nimeandika: plastiki yenye nyuzi za kioo,
midomo ivikwe feleji,
lijaribiwe tena likiwa limelowa kisha limeganda.
Salmenkivi amepigia mstari *limelowa*,
amechora alama ya kuuliza pembeni:
hilo halimo kwenye mkataba, nani atalipia?

Nimelitumbukiza kasha kwenye ndoo ya maji.
Nimelirudisha kwenye jokofu.
Nangoja.