Swali la Kumi na Saba

Dodoso lauliza: moja hadi tano,
usingizi wako wiki hii ulikuwaje?
Mwanakombo achambua mchicha, hanitazami.
"Andika tatu. Tatu haina maneno."

Nimetoka Makadara hadi Mtopanga
na fomu hizi ndani ya bahasha
kupima kama huduma ilifaa:
hofu, usingizi, kurudi kliniki.
Visanduku vyote nishavitia alama.

Kisha, bila kuulizwa,
asema maziwa yalikuja siku ya tatu,
yakalowesha leso mbili,
na hakuna aliyemwambia yatakuja.
Asema nesi mmoja, wa zamu ya usiku,
alimpakata yule mtoto kama aliye hai,
akauliza, "Mwamwitaje?"

Jina hilo halimo kwenye cheti
wala daftari la wodi.
Alitaja. Mara moja tu.

Natafuta pa kulitia.
Swali la kumi na saba: Mengineyo.
Mstari mmoja, urefu wa kidole,
na mimi nishaujaza "maziwa".

Basi naigeuza karatasi ubavu,
naandika pambizoni,
mahali mashine haisomi.

Mwanakombo aweka mchicha chini,
ainamia fomu, anusa wino karibu.
"Si hivyo," asema.
"Ni kwa dh. Si kwa z."