Usimpe Jirani

Lori limefika Wingwi na vijiti vya muhogo
vimefungwa kumikumi kwa utepe wa buluu,
urefu mmoja vyote, kama penseli za darasa la kwanza.
Bure, kasema yule kijana. Bure kabisa, mama zangu.
Sheha kavaa koti, jua la saa tano,
na watoto wa skuli wameachiwa mapema
waje wapige makofi.

Siye wa uwandani twajua:
kitu cha bure huacha mguu mmoja nje ya mlango.

Lakini nisijifanye shujaa.
Mwaka jana nilichimba mashina arubaini
na thelathini yana kutu ndani,
mabaka ya kahawia, kama chuma kilichosahauliwa mvuani.
Nikachemsha vivyo hivyo, kwa nazi ya deni.
Mwanangu Shaame akala huku akinitazama,
akasema, mama, leo mtamu.
Mtoto wa miaka saba
kunidanganya kwa huruma.
Basi nilipanga foleni. Nilikuwa wa nne.

Kijana karatasi kaisoma mbio,
kama anawahi boti ya Unguja.
Muhogo huu umetiwa kitu maabara, hauugui.
Utapanda. Utakula. Ukitaka, utauza.
Kipando cha msimu ujao hutakata, utakuja kwetu.
Na kipando hutampa jirani.

Kidole changu kishaingia kwenye wino.
Nikasema, rudia hapo.
Hapo wapi?
Hapo pa jirani.

Jirani yangu ni Bi Mkasi, kasimama nyuma yangu.
Tumegombana tangu Mfunguo Mosi, sababu kuku;
hatusemezani, salamu twapeana kwa kukohoa.
Lakini kibandameno kilichoko kwangu kimetoka kwake,
yeye kapewa na wifiye wa Konde,
wifi kakikata uani kwa marehemu fulani
ambaye jina lake hata kaburi limelisahau,
na hapana katika hao aliyesema asante.
Mbegu ya muhogo haishukuriwi.
Ukishukuru, haishiki.

Nikaufuta wino kwenye kanga.
Sikupiga kelele. Nilikwenda nyumbani,
nikarudi na jembe na mzigo wa vipando kichwani,
vilivyopinda, vyenye macho mabaya, vyangu,
nikaanza kupanda mbele ya tairi la lori.

Mwanzo walicheka.
Kisha nikasikia kikohozi, na jembe la pili.
Kisha Time wa Makame na mbegu yake aiitayo mkwe-kaniona,
kisha bibi mmoja wa Mjini Wingwi ambaye hata simjui,
kafungua ukaya, kavitoa vijiti vitatu tu.
Adhuhuri inaadhiniwa, lori li katikati ya konde.

Sheha kasema, huu ni uasi!
Bi Mkasi kajibu, huu ni muhogo.

Dereva kavua viatu kashuka.
Kasema, miye sikanyagi chakula, kanishtakini.

Yule kijana, uso umemvuja jasho, akaniuliza kwa upole:
Na huo wenu ukiugua tena, mama?
Nilitaka kumjibu.
Swali lake ni la haki, nalala nalo mpaka leo,
na usiku mwingine hunigeuza ubavu.
Nilimwambia tu, njoo siku nyingine bila karatasi,
tukae mkekani, utwambie kilichomo.
Hajaja.

Lori lilitoka kinyumenyume, alasiri,
watoto wakilielekeza, kulia, kushoto, simama, hapo pana mche.
Mbuzi wakala vingi. Vuli ikapita na jitihada zake kidogo.
Kumi na kimoja vimeshika, njiani, kwenye alama za matairi.
Wino kwenye kanga haukutoka,
nimejaribu ndimu, nimejaribu chumvi.

Juzi, juu ya ua wa makuti, sauti:
Kuku wako kaingia tena kwangu.
Maneno ya kwanza, miezi mitano.
Kuku akarushwa, manyoya yakitapakaa,
na nyuma yake ukaanguka mzigo wa vipando,
mbegu nisiyoijua, nyekundu shingoni.

Sikusema asante.